Maktaba Iliyofungisha Ndoa Kumi na Tisa

Jengo lile la serikali lilikuwa na ghorofa nane na lifti mbili, na siku hiyo lifti zote mbili zilikuwa zimegoma. Ukumbi wa chini ulifurika watu waliosimama wakiikodolea macho milango ya chuma, kana kwamba macho yangeifungua. Walinzi wanasimulia kwamba mzee mmoja aliingia foleni ile kufuatilia pensheni akiwa na nywele nyeusi, na alipofika dirishani hakuwa na nywele wala kumbukumbu ya alichokuja kudai.

Karani aliingia saa nne. Alivaa gauni la kijani lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate, na kifuani alikumbatia boksi la karatasi, rimu tano nzima. Kibanda chake cha kuchapa na kutoa kopi kilikuwa ng'ambo ya barabara, kikitazamana na mlango wa Uhamiaji, na mteja wake wa ghorofa ya sita alizitaka karatasi hizo kabla ya saa tano. Akawapenya watu kwa viwiko, akafika mbele, akakuta miguu miwili. Miguu tu: buti zenye grisi na ovaroli ya bluu iliyopauka magotini. Kifua na kichwa vilikuwa vimezama kwenye shimo la lifti.

Akaiuliza ile miguu itamaliza lini.

"Dakika tano, mama," ikajibu sauti kutoka shimoni, kama mzimu mwenye adabu zake.

"Mama yako nani hapa?"

Miguu ikajivuta nyuma, kikatoka kiuno, kikatoka kifua, mwisho likatoka jitu zima la miaka thelathini na ushei, shavu moja jeusi kwa grisi. Lilimtazama Karani kuanzia kwenye viatu, likafika usoni, likakaa huko.

"Samahani," akasema. "Nilisikia sauti tu. Sauti yenyewe ilikuwa na mamlaka."

Watu wakacheka, na Karani, aliyekuwa amejiandaa kugomba, akaliweka boksi chini. Fundi alifuta mikono, akakiri kwamba dakika tano zilikuwa za kumtuliza tu, kwani kifaa kilichoharibika kingeletwa mchana. Akalitwaa boksi, akalitupia begani, akashika ngazi. Mpaka ghorofa ya tatu alikuwa akijisifu. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, ila kilikuwa na wimbo wa mbali, wimbo wa mtu aliyejifunzia lugha kazini. Ghorofa ya nne alinyamaza. Kati ya ya nne na ya tano aliketi kwenye ngazi, boksi mapajani, kifua kikipanda na kushuka kama mvukuto wa mhunzi.

"Fundi wa lifti," Karani akamwambia, "ndiyo maana ngazi huzijui."

"Nyamaza kidogo, nife kwa heshima."

Karani alicheka mpaka naye akaketi. Basi pale pale, chini ya tangazo la USITEME MATE, ndipo jambo lao lilipoanzia, na mteja wa ghorofa ya sita alipata karatasi zake saa saba.

Baada ya hapo simu ya kibandani ikawa haitulii. Fundi alikuwa na kazi ya kujaribu simu za dharura, zile zilizomo ndani ya lifti, na kila aliyoijaribu aliijaribu kwa kumpigia Karani. "Karani, nimekwama." Umekwama wapi? "Jengo la bima, ghorofa ya tatu, na nina njaa." Karani hujibu kwamba wenye njaa wapande ngazi, kisha hufunga kibanda nusu saa kabla ya wakati. Haukupita mwaka wakasimama mbele ya msajili wa ndoa, bibi arusi kwa gauni la rangi ya maziwa alilolishona shangazi yake, bwana arusi kwa suti iliyombana mabegani. Shangazi alitia sahihi ya ushahidi kwa herufi kubwa kuliko za maharusi. Wakaanza maisha katika vyumba viwili juu ya duka la vioo, mlango wa shangazi ukitazamana na wao, hatua nne tu za kuvuka kwa ajili ya chumvi na udaku.

Sasa, kupenda ni kazi ya watu wawili. Kuthibitisha kwamba mnapendana ni kazi ya ofisi kumi na moja. Fundi aliingia nchini kwa mkataba wa kampuni, na mkataba ulikuwa unakwisha. Ili abaki na mkewe alihitaji kibali cha ukaazi kwa njia ya ndoa. Kibali kilitaka cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa chenye mhuri wa kwao na mhuri wa huku, barua kwamba hakuwahi kuoa kwingine, picha, mkataba wa pango, bili za umeme zenye majina yote mawili, alama za vidole. Cheti cha tabia njema kiliishi miezi mitatu. Cheti cha afya kilichukua miezi minne kutoka. Ukikikimbiza hiki, kile kinachacha. Fundi alichukuliwa alama za vidole mara tatu, kwa sababu grisi ya miaka kumi na minne ilikuwa imezifuta, na mara ya tatu yule mpiga alama alimwuliza kwa upole kama ana ndugu wa kuazima.

Karani hakutishika. Hizi fomu ndizo zilizomlisha. Watu walitoka Uhamiaji wakitokwa jasho, wakavuka barabara, wakamwekea fomu mezani wakisema, "Andika wewe, unajua." Na kila mara walikwama ukurasa wa kwanza, palipoandikwa: Elezeni mlivyokutana. Mwanaume hutazama dari, mwanamke hutazama viatu. Ndipo Karani, miaka mingi nyuma, alipotunga maelezo yake mazuri na kuyahifadhi kwenye kompyuta. Wapenzi hao walikutana maktaba ya mji. Wote wawili walinyoosha mkono kuchukua kitabu kimoja. Vidole vikagusana. Karani alikuwa akibadilisha majina, na akiwa na nafasi, hubadilisha na kitabu.

Siku ya kupeleka faili lao, cheti cha tabia njema kilibakiwa na saa mbili za uhai. Mlangoni kulikuwa na wateja tisa, printa imemeza karatasi, na Fundi alikuwa juu ya paa la hoteli fulani akining'inia kwenye kamba. Karani akafungua yale maelezo, akafuta majina ya watu, akaweka ya kwao, akachapa. Fundi alishuka, akaja mbio, akatia sahihi bila kusoma. Mtu hasomi alichoandika mkewe.

Wiki kumi na mbili baadaye wakaitwa.

Afisa alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kwa mnyororo, uso haujui kucheka wala kununa. Mezani alikuwa amepanga mafaili kama matofali. Hakumsalimu Karani kama mgeni. Alimtazama kama mtu aliyemtafuta kwa muda. Kisha akamgeukia Fundi na kumwuliza kwa sauti ya kawaida walikutana wapi.

"Kwenye ngazi," Fundi akajibu, kabla Karani hajaukanyaga mguu wake. "Kati ya ghorofa ya nne na ya tano. Nilikuwa nahema."

Afisa akaandika. "Hamkukutana maktaba?"

"Maktaba gani?"

Afisa akafungua faili la juu, akasoma. Akafungua la pili, akasoma. La tatu hakulisoma, aliligonga tu kwa kidole.

"Kumi na tisa," akasema. "Yenu ya ishirini. Maktaba hii imefungisha ndoa nyingi kuliko msajili, na mwaka wa tatu huu imefungwa kwa matengenezo. Miaka miwili nimekuwa nikimtafuta mwandishi wake."

Karani alijitetea. Alisema wale watu ni wa kweli, ila hawakujua kuandika mambo yao, naye aliwasaidia.

"Huenda ni wa kweli. Lakini umewafananisha wote. Nikitaka kumjua anayempenda mwenzake na aliyenunua mume, naanzia wapi? Umenifungia dirisha langu la pekee, bibi."

Akawaambia faili limesimamishwa. Walete maelezo mapya Ijumaa ya wiki ijayo, kila mmoja kwa mkono wake, na kabla ya hapo atatembelea nyumba, siku asiyoitaja.

Nje, Fundi alivuka barabara kwa hatua ndefu, Karani akimfuata. Alivaa shati jeupe siku hiyo, na kola ilikuwa imemlowa.

"Watu kumi na tisa," akasema. "Na mimi nikasukumwa humo humo."

Karani akamwambia wasipoteze muda, wataandika upya, ile ilikuwa fomu tu.

"Kwako fomu. Kwangu mimi ndiyo ruhusa ya kulala nyumbani kwangu." Akasimama. "Niambie kweli. Uliona aibu? Kuandika kwamba ulimpata mumeo sakafuni ana grisi?"

Hapo ndipo Karani alipokosea kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Badala ya kusema hapana, alisema alikuwa na wateja tisa. Ilikuwa kweli tupu, na ilikuwa jibu baya kuliko uongo wowote uliowahi kutungwa. Fundi akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyepewa bei ya kitu asichokiweza. Jioni hiyo alichukua sanduku lake la spana na nguo mbili, akaenda kukaa kwa fundi mwenzake.

Karani alipiga simu. Alipiga mara nyingi kiasi kwamba, shangazi anaapa, nguzo ya simu ya mtaa ule iliinama upande mmoja. Siku ya tatu ikapokelewa.

"Cheti chako kipya cha tabia njema nacho kinaisha Ijumaa," akasema, maana hakujua aanze na nini.

"Kiache kiishe. Tabia yenyewe imeisha."

"Mume wangu, rudi nyumbani."

Upande wa pili ulisikika mlio wa mashine ya lifti ikipanda.

"Ungeniandika ngazi, Karani. Ngazi tu. Nisingetaka zaidi." Akakata.

Karani akakaa kibandani mbele ya karatasi tupu. Yeye, aliyewaozesha watu kumi na tisa kwa kitabu kimoja, alishindwa kuandika mstari. Akiandika "alikuwa amelala sakafuni," anafuta. Akiandika "nilimgombeza," anafuta. Wateja walimwuliza kama mashine imeharibika. Akawaambia ndiyo.

Jumanne asubuhi, siku ya sita bila Fundi, shangazi alichungulia dirishani na kumwona mama mwenye miwani ya mnyororo akisoma namba za milango. Shangazi huyu alikuwa mwanamke wa vitendo. Afisa hajamaliza kupanda ngazi, yeye alikuwa ameshavuka na suruali mbili za marehemu mumewe akazitundika kitini, ameweka vikombe viwili mezani, viatu vya kiume mlangoni, na bafuni amefungua bomba likatiririka. Kisha akaketi, mikono mapajani, mtakatifu kabisa.

"Karibu, mama," akasema. "Baba wa nyumba yuko bafuni. Anajipenda huyo, atachukua muda."

Afisa akaketi. Akatazama viatu, vikubwa namba mbili kuliko miguu aliyoiona ofisini kwake. Akatazama suruali. Maji yakatiririka. Akasema anaweza kusubiri. Shangazi akaongea habari za joto. Dakika kumi zikapita, na kwa sauti ile ya maji mtu aliyekuwa bafuni angekuwa ameshageuka samaki.

Karani alikuwa amesimama kando ya jokofu, khanga begani, nywele hajazichana. Alijua bei ya kila neno. Akisema mume yupo, huenda afisa akachoka akaondoka na alama ya tiki. Akisema hayupo, ameandika kwa kinywa chake kwamba ndoa haina mume. Alitazama suruali ya marehemu, iliyokuwa na kiraka kwenye goti, akaona hii nayo ni maktaba, ya ishirini na moja.

Akaenda bafuni, akafunga bomba.

"Afisa, humu hamna mtu," akasema aliporudi. "Mume wangu ameondoka siku ya sita leo. Shangazi ananipenda, usimwandike."

Shangazi akafumba macho.

"Ameondoka kwa nini?"

"Kwa sababu ya ukurasa wa kwanza. Aliniuliza kama nilimwonea aibu, nikamjibu habari za wateja." Akaja, akaketi mbele ya afisa. Alieleza miguu miwili sakafuni, boksi, ngazi, tangazo la mate. Alieleza mume wake alivyomwomba anyamaze ili afe kwa heshima, na jinsi yeye alivyoketi pale kwenye vumbi na gauni lake la kijani, akaona kwamba siku nzima iliyobaki haina kazi ya maana. "Sikuona aibu. Nilikuwa nimeandika mapenzi ya watu mpaka nikasahau kwamba na mimi ninayo."

Afisa aliandika muda mrefu. Aliposimama, alivitazama tena vile viatu mlangoni.

"Miaka kumi na saba natembelea nyumba," akasema. "Waume wa kununua huwa wapo nyumbani siku zote. Ijumaa, saa tatu. Wote wawili."

Alipoondoka, shangazi aliikamata simu na kumpigia Fundi. Alimweleza kwa hasira kwamba amepika uongo ukaiva, ukapakuliwa, na huyu mke wake ameumwaga wote mbele ya mgeni. "Njoo umchukue, baba. Hana faida kwa mtu mwingine yeyote."

Fundi alifika na ovaroli yake, mkanda wa spana bado kiunoni, akihema. Alimkuta mkewe akikunja suruali za marehemu.

"Umemwambia kweli nimeondoka?"

"Nimemwambia."

"Na kama watanifukuza kwa hilo?"

"Basi wamfukuze mume wangu. Wasimbakishe marehemu wa shangazi."

Fundi akacheka bila kutaka, na kicheko kilipoanza hakikujua pa kuishia, mpaka wote wawili walikuwa wameketi sakafuni na grisi imehamia kwenye khanga. Usiniache tena na karatasi, Karani akamwambia kifuani. Sikuachi, mpenzi, naye akasema, lakini na wewe usinijaze kama fomu. Wakaandika, kila mmoja kwenye kona yake ya meza. Walibishana nani alicheka kwanza, na hawakukubaliana, na waliacha hivyo.

Ijumaa, afisa alisoma karatasi zote mbili mpaka mwisho. Kisha akawasogezea barua iliyokwisha kupigwa mhuri. Ombi limekataliwa.

Karani aliisoma mara mbili, kama mtu anayetafuta kosa la kuchapa. "Hukutuamini?"

"Nimewaamini."

"Umetuamini, na umetukataa."

"Maelezo ya uongo yalitiwa sahihi na nyote wawili, yakaingia faili. Kanuni haina jicho la kuona ngazi." Alivua miwani. "Kwa kawaida ni marufuku miaka mitano. Nimeandika kwamba nimefika nyumbani, na ndoa ni ya kweli. Kwa hiyo hakuna marufuku. Mume atoke nchini ndani ya siku kumi na nne, aombe upya akiwa nje. Miezi minane, huenda kumi."

"Na wale kumi na tisa?"

"Waandike upya. Nimewaita."

Karani alitaka kupiga meza. Alitaka kupindua matofali yote yale ya mafaili yamwagike mpaka barabarani. Alichofanya ni kuikunja barua mara nne, ikawa ndogo kama kidonge, na bado haikumezeka.

Kwenye ngazi za nje, Fundi alianza kupanga. Ataondoka mwenyewe, atapiga simu kila siku, miezi minane si mingi. Alisema hivyo akitazama barabara.

"Umemaliza?" Karani akauliza.

"Nimemaliza."

"Kwenu kuna watu wanaochapa?"

"Wapo wengi. Lugha yetu huijui, Karani. Utakuwa mgeni. Utapanga foleni kama mimi, utachukuliwa vidole, utaulizwa maswali na watu wasiokutazama."

"Nimewatuma wenzangu huko miaka kumi na mbili, na nikawatoza kwa kila ukurasa. Sasa zamu yangu." Akamfunga kifungo cha kola kilichokuwa wazi. "Siolewi kwa barua, baba. Tunakwenda wote."

Siku nne alikifunga kibanda kwa wateja wengine, akawakalisha wale kumi na tisa mmoja mmoja, akawapa kalamu, akakataa kuwaandikia. Yupo aliyemkuta mkewe kwenye foleni ya jino, yupo aliyemgonga kwa baiskeli. Funguo akamwachia shangazi, kwa sharti kwamba atoe kopi tu na asitunge kitu.

Jumatatu iliyofuata walikuwa kwenye ubalozi wa nchi ya Fundi. Foleni ilitoka mlangoni, ikazunguka jengo, na mtu wa mwisho alikuwa karibu amshike wa kwanza. Nyuma ya kioo mwanaume mmoja alimsukumia Karani fomu ya kurasa kumi na mbili bila kuinua macho. Karani, aliyejaza maelfu, aliishika kalamu, akasoma kila mstari mara mbili. Alijaza jina. Alijaza ukurasa wa kwanza kwa mistari sita, ngazi na yote. Ukurasa wa tatu akakwama. Tarehe ya kuzaliwa ya mama mzazi wa mume.

"Lini?" akamwuliza Fundi.

Fundi akakuna shavu. "Sijawahi kusikia."

"Mpigie."

Akapiga, akaweka sauti ya wazi. Mama mkwe alipokea kwa furaha, akauliza hali za wote, akauliza kama huyo mkwe anakula vizuri, kisha akasikia swali. 

"Mwanangu," akasema, kwa Kiswahili cha kuokoteza ili mkwe asikie, "wanataka ile ya kweli au ile ya shule?"

Yule mwanaume wa nyuma ya kioo akagonga kwa kidole. Foleni ikaguna. Fundi akamtazama mkewe, na jicho lake lilikuwa linasema waziwazi, ya shule, mpenzi, ya shule, tumalize.

Karani akaichukua simu.

"Shikamoo mama, ni mkweo. Tupe ya kweli."

"Ah," mama mkwe akasema. "Basi tafuta mahali ukae, mwanangu. Ni habari ndefu, na mvua imo, na mkunga alichelewa."

Karani akaweka kalamu chini, akawapisha watu wawili mbele yake, akasikiliza.